Vidonge Ndani ya Soya

Kila asubuhi Yuzhen alichambua soya. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, miwani yake imefungwa uzi. Mawe aliyatupa. Punje zilizooza alizitupa. Punje nzuri alizitia kwenye ndoo ya maji. Mumewe, Dai Shouyi, alikuwa ametengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, kwa miaka thelathini na minane. Mtaa mzima ulijua kuwa tofu ya Dai haina mchanga. Kazi hiyo ya kuondoa mchanga ilikuwa ya macho ya Yuzhen.

Miaka mitatu iliyopita, mkono wa kulia wa Dai ulianza kutetemeka. Hatua zake zikawa fupi. Uso ukawa kama wa mtu aliyenuna, hata akiwa na furaha. Daktari wa hospitali alisema ni ugonjwa wa Parkinson, akampa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku. Miezi miwili iliyopita wakaongeza tiba ya sindano kwa Daktari Miao, mwanamke mpole wa mtaa wa pili. Sindano zake hazina dawa ndani, ni nyembamba kama unywele. Alimchoma Dai kichwani, mikononi na miguuni, akaziacha nusu saa. Dai akaanza kulala vizuri. Mkono ukatulia kidogo. Yuzhen alishukuru sana.

Lakini wiki hii mambo yaligeuka. Jana Dai alitoka jikoni amebeba sufuria ya maziwa ya soya ya moto. Alipofika kizingitini, miguu ikagoma, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Maziwa yakamwagika karibu kabisa na kiatu chake.

"Nusura nikukute umechemka kama soya," Yuzhen alisema huku akipangusa sakafu.

"Soya husagwa kwanza," Dai alijibu. "Mimi bado mzima."

Yuzhen hakucheka. Usiku ule aliwaza: siku nyingine maziwa yatammwagikia mumewe.

Leo, akiwa kwenye kigoda chake, kidole chake kiligusa kitu cheupe. Hakikuwa jiwe. Kilikuwa kidonge. Akapekua gunia lililokaa kando ya kiti cha Dai. Akapata vingine. Vyote pamoja vilikuwa tisa.

"Baba Lian, njoo hapa," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Tangu lini soya inazaa vidonge?"

Dai akautazama ungo. Akajikuna shingo.

"Sindano zinang'oa mzizi wa ugonjwa," alisema polepole. "Vidonge vinapunguza majani tu. Wazee wote pale bustanini wanasema hivyo. Tena vinanitia kichefuchefu. Mkono ulikuwa umetulia. Nikaona vya nini?"

"Na mimi ukanificha."

"Ningekwambia, ungenilisha kwa kijiko."

"Kwa koleo," alisema Yuzhen. "Vaa koti. Tunakwenda kwa Daktari Miao."

Dai alikwenda bila ubishi. Moyoni alitumaini kusifiwa, maana aliziamini sindano kuliko vidonge. Lakini Daktari Miao alipoviona vidonge vile tisa kwenye kitambaa, aliketi chini.

"Mzee Dai, nani alikuambia uache dawa?"

"Hakuna. Sindano zako zilinifaa."

"Nafurahi kama zilikufaa. Sasa nisikilize. Ukichemsha maziwa ya soya usitie jasi ya kuyagandisha, yanakuwa tofu?"

"Yanabaki maziwa. Hata mtoto anajua."

"Ubongo wako una upungufu wa kitu kinachoitwa dopamini. Bila hiyo, amri ya kutembea haifiki vizuri miguuni. Hiyo ndiyo jasi yako. Chembe za ubongo zinazoitengeneza zinakufa kidogo kidogo. Kidonge kinaleta jasi kutoka nje."

"Na sindano?"

"Watafiti wamepiga picha za ubongo wa wagonjwa waliochomwa sindano. Wengine waliona sehemu zinazosimamia mwendo zikifanya kazi tofauti na awali. Huenda sindano zinasaidia sehemu hizo kupatana. Lakini waliopimwa ni wachache, na bado hatuna hakika. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na siwezi kukuapia. Sindano ni za kuongezea dawa. Chembe zilizokufa hazizifufui."

Yuzhen akauliza, "Basi ameze vyote leo?"

"Hapana, mama. Kuacha dawa hii ghafla ni hatari, na kuirudisha kwa kubahatisha si vizuri. Nampigia daktari wake sasa hivi." Akachukua simu. Kisha akamgeukia Dai. "Kidonge huwa unamezea nini?"

"Maziwa ya soya. Kingine kipi?"

Daktari Miao akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Wewe na soya yako. Protini ya soya inagombania njia na dawa tumboni, dawa inachelewa. Meza kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu mwambie daktari wako, atakipatia njia."

Siku ile ile walikwenda hospitalini. Daktari alimrudishia dawa hatua kwa hatua. Kwa kichefuchefu, alimruhusu kula biskuti kavu moja pamoja na kidonge. Yuzhen aliandika saa za dawa kwenye karatasi, akaibandika juu ya jiko. Sindano ziliendelea kila Jumanne.

Baada ya majuma sita, Dai alivuka kizingiti bila kukwama. Mkono bado ulitetemeka, ugonjwa haukuwa umeondoka. Lakini alikata tofu mwenyewe, kipande kilicho kinene upande mmoja kuliko mwingine, akampelekea Daktari Miao kwa mikono miwili.

"Imepinda," alisema.

"Inalika," alijibu daktari, akaanza kuila palepale.

Asubuhi iliyofuata Yuzhen alichambua soya mpaka mwisho wa ungo. Alipata mawe mawili tu. Aliyatupa nje, akamsikia Dai jikoni akimimina maji kwenye kikombe.