Parachuti Iliyokunjwa Mara Mbili

"Usikanyage kitambaa."

Mwoka mikate alirudi nyuma. Aliyekuwa mchumba wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiitoa hewa kwenye parachuti kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwakunjia parachuti watu wanaokuja kuruka kutoka angani.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kunitukana ulinitukana kwa sauti, mbele ya wateja. Msamaha ndio unaniletea kwa kunong'ona?"

Wiki iliyopita mwokaji aliingia humu na mkate wa moto, akamkuta mwalimu wa kuruka, jamaa wanayemwita Mwewe, anamkazia binti huyu mikanda ya parachuti kiunoni. Mkate ukaruka huko. Maneno yaliyomtoka, Mungu amsamehe, mimi siyaandiki. Jioni ile ile akarudishiwa pete yake.

Simu ya binti ikaita dirishani. Ujumbe wa mama yake: "Mwanangu, fundi anauliza shela aendelee kuishona au aache. Nimjibu nini?"

Aliusoma, akailaza simu kifudifudi.

"Sikiliza," akasema. "Watu wanakuja hapa hata jina langu hawalijui. Wanafunga mgongoni nilichokikunja, wanajitupa. Wewe nimekupikia, nimekuuguza, na hukuniamini hata na kiuno changu mwenyewe."

Mwokaji aliinyooshea kidole parachuti. "Nikunjie moja."

"Wewe? Si wewe uliyemwita jirani akubadilishie taa kwa kuogopa ngazi?"

"Ndiye mimi. Nikunjie."

Asubuhi iliyofuata akawa uwanjani.

"Mgeni wa kuruka hufungwa kifuani mwa mwalimu," Mwewe alimweleza. "Na mwalimu leo ni mimi. Sogea, shemeji."

"Nimesogea."

"Sogea tena. Kati yetu hata kidole kisipite. Mikanda ikilegea tunazikwa wawili."

Mikanda ikakazwa kiunoni. Pumzi ya Mwewe ilikuwa sikioni mwake kabisa. Mwokaji akainamisha uso.

"Kumbe siku ile..."

"Siku ile nilikuwa najaribu mikanda mipya. Namfunga yeyote aliye karibu. Juzi nilimfunga mzee wa getini, na mkewe hajanitukana bado."

Huko juu mlango wa ndege ulipofunguliwa, mwokaji alimwita Mungu kwa majina yote aliyofundishwa utotoni. Miguu ilining'inia nje. Mikono ikagoma kuachia ukingo.

"Turudi na ndege?" Mwewe alimuuliza. "Hakuna atakayekucheka. Labda mimi, kidogo."

"Hii ameikunja yeye?"

"Yeye. Akaifungua, akaikunja upya. Tangu nimjue sijamwona akirudia kazi."

Mwokaji alifumba macho. Akaachia.

"Twende."

Upepo ulimjaa kinywani. Kisha kitu kikawavuta mabegani, kelele zote zikakatika. Alipoinua uso, kitambaa kilikuwa kimetanda juu yao chote, kila kamba mahali pake.

"Yaa Rabi," alisema polepole. "Mimi mikono yangu inajua kukanda unga tu. Huyu mwanamke ana mikono ya namna gani?"

"Kamwambie mwenyewe. Na safari hii usinong'one."

Walitua kwa makalio. Wateja walikuwa wamepanga foleni wakisubiri zamu zao. Mwokaji alifunguliwa mikanda, akajiinua, akapaza sauti:

"Jamani, wiki iliyopita nilimsingizia mkunjaji wenu hapa hapa. Nilisema uongo. Ni mwanamke mwaminifu, na mimi nimeshuka salama kwa mikono yake."

Binti alikuja mbio, akampita. Kwanza alikikusanya kitambaa chake, hadi kikamjaa kifuani. Ndipo akageuka, macho yamelowa.

"Pete unayo?"

"Ninayo."

"Mikono yangu imejaa. Nivishe." Kidole kimoja kikachomoza chini ya kitambaa.

Akamvisha.

"Simu iko mfukoni mwangu," binti akasema. "Mjibu mama."

"Niishike simu yako?"

"Si unajua kuandika?"

Akaandika: "Mama, ni mimi mkweo. Shela iendelee."

Jibu halikuchelewa: "Alhamdulillahi. Fundi nilishamwambia aendelee tangu jana. Wewe njoo upimwe kanzu."