Sura ya Tisa

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Surekha alifungua sanduku la vitabu dukani kwake Thika akapiga kelele. Nakala zote za riwaya ya Muigai, zilizokuwa ziuzwe mchana huo kwenye mkutano wake na wasomaji, hazikuwa na sura ya tisa. Kurasa zilikuwa zimekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Uthman, ufunguo ulikuwa kwako," alimwambia muuzaji wake. "Usiponiambia nani amekata kabla ya mkutano, uchukue vitu vyako uende."

Muigai, aliyekuwa amefika mapema, akajitia upelelezi. Riwaya yake ya magenge ya dawa za kulevya ilikuwa imezua maneno kuanzia Juja hadi Ruiru, na moyoni alifurahia. Alianza kwa kumpigia simu Karanja, mwalimu mstaafu aliyeandika mtandaoni kwamba kitabu hicho ni bucha.

"Ningekuwa mimi, ningechoma vyote!" Karanja alifoka. "Sura moja ya nini? Kitabu kizima ni damu!"

Hapo alisema kweli: mwenye kuchukia kitabu kizima asingekata sura moja. Sura ya tisa ndiyo vijana waliyoisifu zaidi: mvulana wa Kimbo, bunduki kisogoni, anampigia mamake simu kumwambia, "Mathe, kuleni tu, msiningoje."

Muigai alimvuta Uthman kando. "Jana ulipoenda msikitini, duka ulimwachia nani?"

"Madam alikataza, lakini hapa sisi huangaliliana duka. Nilimwachia Mama Ndunge, fundi wa nguo hapo next. Tafadhali usimtaje."

Kibandani kwake, Ndunge alikuwa akifumua sketi kwa wembe, uzi mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Alipoinua uso, Muigai alimtambua. Miaka miwili iliyopita rafiki yake alimpeleka kwenye matanga ya kijana aliyepigwa risasi huko Kimbo. Alikaa kwa mama huyu jioni tatu, akala chakula chake, akasikiliza.

"Umenikumbuka," Ndunge alisema. "Nilikuambia maneno ya mwisho ya Kinyanjui wangu juu ya vile ulikuwa unalia na sisi. Kumbe ulikuwa kazini."

"Nilibadilisha jina, mama."

"Na maneno je? Wasichana wa college walikuwa wanaisoma hiyo sura hapa mlangoni. Mmoja akaigiza sauti ya mtoto wangu, wengine wakacheka. Ungeniuliza, Muigai. Pengine ningekubali."

Aibu ilimpanda Muigai mpaka masikioni. Alijua kwa nini hakuuliza: aliogopa kukataliwa.

Aliporudi, wasomaji walikuwa wameketi na Uthman alikuwa akifunga mkoba wake.

"Mwache, Surekha," Muigai alisema. "Hakukata yeye."

"Nani basi?"

"Mwenye hayo maneno. Alichukua yaliyo yake. Mwizi ni mimi."

Wasomaji walicheka, wakidhani ni mbwembwe za mwandishi. Msichana wa mbele akainua simu kumrekodi. Ndunge alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja kusikia kama Muigai atawaeleza au atacheka nao.

Muigai aliwaomba wanyamaze, akaanza na ile jioni ya kwanza ya matanga.