Jino Moja, Nchi Tatu

Pasi alikuwa dobi katika hoteli kubwa ya mjini. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu hakuna aliyenyoosha shuka kama yeye. Alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akarudi limeshazama. Kwa miaka saba, ukiacha siku aliyomzika mama yake, hakukosa kazini hata siku moja. Jambo hilo alilitangaza kila penye watu wawili, hata kama hawakumwuliza.

Jumatatu moja alirudi kichwa kimevimba kwa furaha. Mkononi alishika karatasi.

"Mke wangu, nimepata kazi ng'ambo! Hoteli ya vyumba mia nne. Mshahara mara tatu ya huu!"

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alisimamisha mashine. "Wanataka jibu lini?"

"Ijumaa. Ni kutia sahihi tu."

"Na masharti mengine?"

"Mengine yapi tena? Nimesema mara tatu!"

Mkewe hakufurahi. Aliogopa. Kaka yake Pasi aliondoka hivyo hivyo, mbio mbio, na huu ulikuwa mwaka wa sita hajarudi. Hata mama yao alipozikwa, hakuja. Mke akaenda kumwita jirani yao, Mama Chama.

Mama Chama alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha biskuti. Alipenda kuuliza maswali kuliko kula. Aliisoma ile karatasi mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Shemeji, mshahara nimeuona," alisema. "Sasa niambie. Ni Jumanne asubuhi, umeamka jino linauma. Itakuwaje?"

"Meno yangu mazima kabisa."

"Sijauliza meno yako. Nauliza hiyo kazi. Nani atakupa ruhusa ya kwenda hospitali? Siku hiyo utalipwa? Na daktari analipwa na nani? Mtu ukimwuliza mshahara, anatia chumvi. Mwulize jino, atasema kweli."

Pasi aliona wanampotezea muda. Ili wanyamaze, alimpigia kaka yake simu ya video. Kaka akatokea amejifunga taulo kichwani, ameonyesha upande mmoja tu wa uso.

"Mbona umekaa upande upande?"

"Baridi tu, mdogo wangu. Huku baridi kali."

"Haya. Eti kaka, huko mtu akiumwa jino inakuwaje?"

Kaka alishtuka. "Nani amekuambia?"

Mama Chama alicheka hadi akashika ukuta. Kaka akafungua taulo polepole. Shavu lilikuwa limevimba, jicho limebaki mstari.

"Wiki ya tatu hii," alisema. "Bima ya kampuni inatibu ajali za kazini tu, na jino si ajali. Nikikosa siku moja, mshahara wa siku hiyo unakatwa. Likizo ni kila baada ya miaka miwili, na tikiti najilipia."

"Ndiyo maana hukuja kumzika mama?"

"Ndiyo maana. Niliona aibu kusema."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Chama aliichukua simu. "Wewe, nenda hospitali leo hii! Uvimbe wa jino unaweza kuua. Mshahara wa siku moja utaupata tena. Wewe tutakupata wapi?"

Kaka aliahidi kwenda. Kisha mke akampigia mdogo wake, anayetunza wazee katika nchi nyingine.

"Jino? Huku tunakatwa kidogo kila mwezi, ukiumwa unatibiwa," alisema. "Siku ya ugonjwa nalipwa. Likizo wiki tano kwa mwaka! Lakini foleni, dada! Nilipangiwa daktari baada ya miezi minne. Nilitafuna upande mmoja hadi ule mwingine ukasahau kazi yake. Na kodi ya nyumba inameza nusu ya mshahara."

"Kumbe hakuna mwenye kila kitu," Pasi alisema.

Mama Chama alichukua karatasi ya kukatia nguo, akachora safu tatu. Aliandika habari za kaka, kisha za mdogo wake mke. Ya tatu ilikuwa tupu.

"Na hapa kwetu? Una likizo siku ngapi?"

"Likizo ni za watu wa ofisini."

"Mkataba wako uko wapi?"

Pasi alijikuna kichwa. Mkewe aliinama, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nane chini ya mguu wa meza ya cherehani. Meza ikaanza kuyumba. Mama Chama alisoma kwa sauti: likizo yenye malipo siku ishirini na moja kila mwaka, siku za ugonjwa kwa cheti cha daktari, kadi ya bima kwa mfanyakazi na familia yake, akiomba.

"Akiomba," alirudia. "Uliomba?"

"Nilidhani ni karatasi ya kusaini tu," Pasi alijibu kwa sauti ndogo.

"Kila kazi iulize maswali yale yale: saa, likizo, matibabu, safari ya kurudi. Hata hii uliyo nayo. Na majibu yawe kwa maandishi."

Jumatano Pasi aliiandikia hoteli ya ng'ambo maswali manne. Alhamisi walijibu: "Mshahara ni mara tatu. Tunasubiri sahihi yako."

"Nimewauliza jino, wanajibu mshahara," Pasi alisema. Ijumaa hakutia sahihi. Badala yake aliomba kadi za bima na likizo. Aliomba siku tatu tu, kwa woga. Msimamizi wake alishangaa. "Sisi tulidhani hupendi likizo!"

Jioni hiyo kaka alipiga simu. Jino lilikuwa limeng'olewa, na sasa alionyesha uso mzima.

Siku ya kwanza ya likizo, Pasi aliamka alfajiri akapiga pasi mapazia, sare za shule na matambara ya kufutia meza. Mkewe alimsihi atoke nje. Basi akampeleka binti yao shule, kwa mara ya kwanza.

Langoni watoto walimzunguka. "Huyu nani?"

"Ni baba yangu," binti alijibu kwa fahari. "Anakaa hotelini. Amekuja kututembelea."

Pasi alicheka pamoja nao. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akaomba siku zote kumi na nane zilizobaki.