Chumba cha Thelathini na Mbili

Mlango wa jikoni uliacha kulia Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejilaza sakafuni kama halina kazi.

Kwa miaka kumi na mmoja mlango ule ulikuwa ukisukumwa unalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Hakuna aliyewahi kuutia mafuta. Watu wa nyumba ile walikuwa wavivu wa kupigiwa mfano, na nawasema kwa upendo. Asubuhi hiyo dada mtu akausukuma, ukafunguka kimya kama mnafiki.

"We bwana mdogo, umeutia mafuta mlango?"

"Mimi?" Radi akajibu kutoka chumbani kwake. "Dada, mimi hata viatu vyangu sijavipaka."

Radi lilikuwa jina la kujipachika. Alidai vidole vyake vikipita kwenye kinanda hujui vimepiga saa ngapi. Vilikuwa na kasi kweli, ila mdomo wake uliviacha nyuma kila siku. Dada yake ndiye aliyemlea tangu wazazi walipozikwa, na alimlea kwa koo lake: akiimba kwenye kumbi za harusi, Radi anakula, akipata mafua, Radi analala njaa. Sasa Radi alikuwa mpigaji wake, na Jumamosi ya wiki hiyo wangepanda jukwaani kwa jina lao wenyewe, mara ya kwanza.

Kwa ajili ya Jumamosi hiyo Radi alitaka kinanda. Si hivi vya siku hizi vyenye taa nyingi kuliko sauti. Alitaka vile vya dijitali vya zamani, vyenye ile sauti ya kioo, baridi, inayokukuna mfupani. Wiki mbili kabla ya mlango kunyamaza alikwenda karakana kwa Miwani, fundi wa vinanda, mtu wa maneno machache na vioo vinene kama vitako vya chupa.

"Nunua cha mkono wa pili," Miwani akamshauri. "Kilichotumika kina tabia yake, ukikizoea mnaelewana."

"Nipande jukwaani na mikwaruzo ya mtu mwingine? Mimi? Niundie changu."

"Kuunda si kugongelea banda la kuku. Bodi za zamani hazitengenezwi tena. Ili nikuundie kimoja, lazima kingine kife."

Radi akatabasamu. "Basi tuue kimoja."

Wakakipata kwa mjane mmoja mwisho wa mtaa, kimefunikwa kitambaa safi, kitaa chake chekundu kikiwaka. Mjane hakubishana bei. Aliweka sharti moja tu.

"Ndani yake mna vyumba thelathini na viwili vya kuhifadhia sauti, mwanangu. Thelathini na kimoja fanya upendavyo. Cha mwisho kina sauti ya marehemu mume wangu. Usikifute."

"Mama, hiyo ni amana," Radi akasema, mkono kifuani. "Nikiifuta, na mimi nifutike."

Mdomo huo.

Walipofika karakana akabonyeza chumba cha mwisho. Sauti ya mzee, tulivu, ikasema: "Nipo hapa. Tulia." Basi. Radi akacheka hadi akashika meza. "Chumba kizima kwa maneno matatu?"

Miwani alikwisha fungua sanduku. "Betri inayoshika kumbukumbu imechoka. Nikiibadilisha huku umeme unaingia, sauti zote zinabaki, ila ni kazi ya mchana mzima. Nikiikata tu, dakika mbili, vyumba vyote vitupu."

"Kata."

"Si umemuahidi yule mama?"

"Nilimuahidi juu ya kinanda chake. Hiki kitakuwa na sanduku jipya, vitufe vipya, jina langu kwa mbele. Hiki ni kingine."

Miwani akavua miwani yake akaanza kuifuta. Huifuta hivyo asipotaka kuona anachokwenda kufanya. Kisha akakata.

Turudi Jumatatu. Mchana Radi akawasha kinanda chake kipya, cheusi, kinang'aa, jina lake kwa herufi za kujisifu. Akabonyeza chumba cha kwanza, alichojua ni kitupu. Kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Wewe ungekimbia. Radi alifurahi. Akaupiga mlango wa jikoni juu, akaupiga chini, akaupigia nyimbo tatu. "Miwani kaniwekea kitu cha kunasa sauti, hajaniambia," akajisemea. Jumanne bomba la uani likawa linadondosha maji bila kusikika, na chumba cha pili kikadondosha. Saa ya ukutani ikazunguka bila mlio. Ukaondoka mfuniko wa sufuria, zikaondoka ndala za dada sakafuni, ukaondoka ufagio. Kila kilichonyamaza nyumbani kiliongea kwenye kinanda. Kufika Alhamisi vyumba ishirini na tisa vilikuwa vimejaa.

"Radi," dada yake akamwambia kwa sauti ya chini, ameshika sinia aliloliangusha makusudi na lisilie, "hii nyumba ni kama tumeizika. Kirudishe kitu hicho."

"Dada, hujui muziki wa kisasa."

"Nasikia harufu ya risasi ikiunguzwa chumbani kwangu. Ya fundi, ile ya kuunganishia nyaya. Nani ananiunguzia risasi chumbani?"

Radi akamtupia utani wake wa siku zote, kwamba labda ni uchumba unanukia. Dada akacheka, kinywa kikafunguka, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka kama kawaida yake, na hakikusikika kitu, hata pumzi, halafu kutoka chumbani kwa Radi, ambako kinanda kilikuwa kimezimwa na waya wake umening'inia mbali na ukuta, kikaja kile kicheko chake chenyewe, chote, na mkwaruzo wake wa mwisho, kikapigwa mara moja, kikapigwa tena kwa chini zaidi, kikapigwa kwa chini kabisa hadi kikawa kama mtu mzee anayelia polepole ndani ya kisima.

Utani wa Radi ulikufia hapo.

Ijumaa adhuhuri dada alifungua kinywa kufanya mazoezi ya Jumamosi, na koo likawa tupu. Hakulia. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo: *Nilikulea kwa koo hili.* Chumba cha thelathini na moja kilikuwa kimejaa. Cha mwisho kilikuwa kikimulika, kinangoja.

Radi alifika kwa mjane anahema.

"Umefuta," mjane akasema kabla hajasalimiwa.

"Mama, naomba—"

"Mume wangu hakukinunua kinanda kile. Alikiunda kwa mikono yake miaka tisa, na kuna aliyekuja kukaa ndani kabla hakijakwisha. Jini, ndiyo, usinikodolee macho. Walizoeana. Mume wangu alipojua anakufa aliacha sauti yake mle, ili mwenzake adhani bado yupo. Yule hajui maiti wala kaburi. Anajua sauti na kimya. Wewe umemletea kimya. Kwake yeye, wewe ndiye uliyemuua."

"Anataka nini?"

"Kwanza alitaka uishi kama anavyoishi yeye sasa, kwenye nyumba isiyokuitikia. Sasa kabakiza chumba kimoja, cha bwana wake. Kinahitaji sauti ya mtu."

"Si useme wewe, mama? Wewe anakujua."

Mjane akashika kitasa cha mlango. "Mimi sikufuta kitu. Na hata angenikubali, mwanangu, kwa nini nikusaidie?"

Akafunga mlango. Mlango wake ulilia vizuri tu.

Radi alirudi, akamkuta dada amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono masikioni, kwa sababu kinanda kilikuwa kinajipiga peke yake mchana kweupe, vitufe vinashuka na kupanda bila kidole juu yake, na kilikuwa kinatumia koo la dada kusema mambo ambayo hakuna aliyekuwapo kuyasikia isipokuwa wao wawili, nyimbo za kubembeleza alizomwimbia Radi usiku wa msiba, uongo aliomdanganya kwamba yeye ameshiba, ale tu, jina lake la utotoni ambalo kalificha mjini kote, na kila neno likitoka kwenye kinanda dada alishika koo lake kama mtu anayeng'olewa jino, na harufu ya risasi ilikuwa nzito kiasi kwamba kuta zilianza kuonekana kwa tabu, na ndani ya moshi ule Radi akaona kwamba kwenye kiti chake cha kupigia kuna mahali mto umebonyea, umebonyea sana, kwa uzito wa mtu aliyekaa ametulia wala hana haraka.

Akapiga magoti mbele ya kiti kile. Akabonyeza chumba cha thelathini na mbili, akakishikilia.

"Nipo hapa," akasema. "Tulia."

Mlango wa jikoni ukalia kama mbuzi. Bomba likadondosha, saa ikagonga, sinia lililoangushwa jana likapiga kelele zake za jana. Dada akapiga yowe refu, tamu, la koo lake mwenyewe.

"Radi! Radi, nimerudi, sema kitu!"

Radi alifungua kinywa. Bado anafungua mpaka leo.

Jumamosi walipanda jukwaani. Watu walisema yule kijana amekuwa mnyenyekevu, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Miwani akiulizwa, anafuta miwani yake. Betri aliyoiweka itadumu miaka saba, ikiisha vyumba vyote vitupu tena, na ameapa hataigusa.

Siku dada anapoikumbuka sauti ya mdogo wake, hubonyeza chumba cha mwisho. Katikati ya kinanda, Radi anasema yupo hapa, watu watulie. Kwenye vitufe vya kulia sauti hupanda, inakuwa ya mtoto aliyembeba mgongoni, na hapo dada hulia kidogo, kisha huzima.

Kitufe cha mwisho kushoto alikigusa mara moja tu. Alitegemea kumsikia Radi mzito, wa polepole. Aliyejibu hakuwa Radi.

"Yuko kwangu," ikasema. "Na ile betri, mwambieni fundi naihesabia siku."