Maji ya Chungu cha Ndayisaba

Jua lilikuwa linashuka Gozbert alipomtuma mkewe maji. Si ya kunywa wala ya kupikia. Maji ya betri.

"Nenda kule mahameni, kwenye kile kibanda cha nyasi kilichobaki," alimwambia Kwandu, akimkabidhi chupa. "Utaona chungu cheusi. Chota, funga kizibo, urudi."

"Mbona huendi mwenyewe?"

"Huoni nasafisha betri? Mikono imejaa asidi."

Uongo mtupu! Mikono yake ilikuwa mikavu. Gozbert aliogopa, basi, na mwanamume akiogopa hakosi kazi ya kusingizia.

Kile kibanda kilikuwa cha mzee Ndayisaba, mtu wa mizimu. Mwaka sabini na nne, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, yeye aligoma. Wanamgambo walimbeba juu kwa juu pamoja na kigoda chake wakampakia kwenye lori. Huko kijijini hakunywa hata tone la maji ya kisima. Siku ya tano akafa. Kibanda chake kikabaki porini, paa limetoboka katikati, na chungu chake ndani kikikinga mvua. Kila Msubi, mwenyeji wa pale, kuanzia mtoto wa kunyonya, alijua kwamba maji yale yana mwenyewe na hayachotwi.

Ila Kwandu hakujua. Kwandu alikuwa Msukuma, binti wa wahamiaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakakaa ng'ambo ya ziwa Burigi. Hakuna aliyewahi kumsimulia. Ndiyo maana Gozbert alimtuma yeye. Alijipa moyo kwamba mwiko haumdhuru asiyeujua.

Nisimwonee, shida ilikuwepo. Mama yake Kwandu alikuwa mgonjwa huko ng'ambo, na Kwandu alikuwa amelia wiki tatu akiomba kupelekwa. Chombo kilikuwepo: kiboti cha daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akitembelea ziwani Jumapili kwa starehe zake, akatazama viboko, akavua, akarudi. Alipoondoka nchini kiboti kikawa mali ya kijiji, na Gozbert akawa mlinzi wake, kwa kuwa ndiye aliyefundishwa na daktari kutunza betri. Na alijua kweli! Mwenyekiti alipomletea libetri la lori bovu, alilikataa papo hapo.

"Hili ni la kupiga stata tu, sahani zake za ndani nyembamba," alisema. "Boti inataka sahani nene, zivumilie taa na mawimbi."

Akabaki na betri ndogo ya daktari. Kila wiki aliipangusa, akaipaka grisi vichwani, akafungua vizibo kuchungulia maji. Sasa maji yalikuwa yamepungua mpaka sahani zinaonekana. Ya dukani yalikuwa yameadimika tangu vita ya mpakani ianze. Ya kisima yana chumvi, yanaua betri. Mvua ya kwenye bati ina kutu, na hata hiyo ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Kwandu alirudi na chupa imejaa.

"Chungu kimejaa mpaka mdomoni," alisema. "Kwani huko mvua ilinyesha lini?"

Gozbert aliichukua chupa. Alimimina maji, tundu baada ya tundu, akafunga vizibo.

Jumamosi injini iliitika mara moja. Walifika ng'ambo salama, Kwandu akamnywesha mama yake uji na kumkanda miguu, na saa kumi na moja wakaanza safari ya kurudi. Walitakiwa wafike kabla ya giza. Taa zilikuwa zimekatazwa kwa ajili ya ndege za adui, na wanamgambo wa ufukweni hawakuwa na utani na taa.

Katikati ya ziwa, injini ikanyamaza.

Gozbert akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena... kimya. Kamba ya kuvutia injini ilikuwa imekatika tangu enzi za daktari. Akafungua sanduku la betri.

Betri ilikuwa inatokota.

Blup... blup... blup... Akachomoa waya zote mbili. Betri isiyofungwa popote haina sababu ya kutokota, hilo alilijua vizuri. Ikaendelea. Na harufu iliyotoka haikuwa ya asidi. Ilikuwa harufu ya rubisi, pombe ya ndizi iliyochacha, kama ile inayomwagwa kwenye vibanda vya mizimu.

"Kuna nini?" Kwandu akanong'ona.

"Hakuna kitu. Chukua kasia."

Wakapiga makasia. Nchi kavu ilikuwa pale pale mbele, miti inaonekana. Wakapita kisiki kimoja kilichochomoza majini, juu yake ametua mnandi, ndege mweusi wa majini. Wakapiga makasia mpaka mabega yakawaka moto. Wakapita kisiki. Mnandi yule yule akawageuzia shingo. Giza likaingia. Wakapita kisiki mara ya tatu, na Kwandu akaanza kulia bila sauti.

Taa ya mbele ikawaka.

Waya zake Gozbert alikuwa amezikalia! Akavua shati akaifunika taa, mwanga ukapenya vile vile, hafifu, wa njano. Ndipo akahisi ubaridi miguuni. Maji. Yalikuwa yanapanda ndani ya boti. Akapapasa huku na huku atafute tundu, hakuliona.

Blup... blup...

"Nani..."

Sauti ilitoka kwenye matundu ya betri. Sauti ya mzee, ya pole, isiyo na haraka.

"Nani... kachota?"

Kwandu akamshika mkono kwa nguvu. "Gozbert, nani huyo? Kachota nini?"

Maji yakafika kwenye mashavu ya miguu. Gozbert hakujua kuogelea. Alijua jibu la haki, maneno matatu tu: *mimi ndiye niliyemtuma*. Yalimfika kooni kabisa. Lakini alikuwa na miaka thelathini na moja, jamani, na maji yalikuwa yanafika magotini.

"Nani... kachota?"

"Ni huyu!" akapayuka. "Ni huyu mwanamke! Si mtu wa huku!"

Mkono wa Kwandu ukamwachia.

Injini ikanguruma. Bila waya. Kisiki kikapita ubavuni, kikabaki nyuma, na kabla Gozbert hajavuta pumzi ya pili boti ilikuwa imepanda mchanga. Taa ilikuwa imezima. Ndani ya boti palikuwa pakavu, hata vumbi la muhogo waliompelekea mama lilikuwa bado sakafuni.

Kwandu alishuka wa kwanza. Alisimama ufukweni akamgeukia mumewe.

"Ulijua yale maji ni ya nani?"

"Sikujua," alisema Gozbert. "Haki ya Mungu sikujua."

Wakashika njia ya nyumbani. Gozbert alitangulia, akijisemea kwamba yameisha, kwamba kesho atamnunulia kitenge, kwamba mwanamke akilala hasira hupungua. Alifungua mlango akawasha kibatari, mwanga ukampiga usoni, akageuka kumkaribisha mkewe.

Kwandu alikuwa amepiga magoti kizingitini. Hakuwa akitazama nyuma ya Gozbert wala pembeni yake. Alikuwa akimtazama Gozbert machoni.

"Shikamoo, baba," alisema.

Gozbert alitaka kucheka. Alitaka kumwambia, we Kwandu, ni mimi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ya pole. Isiyo na haraka. Harufu ya rubisi ikamjaa kinywani.

"Wewe huna kosa," mdomo wake ukaendelea, na yeye yumo ndani anausikia, anaung'ang'ania, hauzibiki. "Huyu alijua. Alijua tangu mwanzo. Ndiyo maana akakutuma."

Alfajiri Kwandu alifunga mzigo wake akashika njia ya nchi kavu kwenda kwa mama yake, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Gozbert alimwona akiondoka. Alitaka kumwita, akaogopa sauti itakayotoka.

Mganga wa zahanati alisema ni mvuke wa asidi, kwamba mtu akiuvuta muda mrefu husikia mambo. Huenda. Betri iko mle mle ndani ya boti, haina waya, na wavuvi wanasema usiku huisikia ikitokota. Hakuna anayekwenda kuifungua.

Gozbert bado anaishi pale kijijini. Anazunguka vichakani ili asikutane na watoto wanaotoka shule. Wakimuwahi na kumwamkia shikamoo, huziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kukimbia. Nao watoto, waliofundishwa adabu, humfuata mbio wakirudia kumwamkia, wakingoja waitikiwe.