Bi Pasi Aogopa Kuchomwa

Bi Pasi alikuwa dobi. Tangu asubuhi alisimama mezani akipiga pasi, mvuke ukimzunguka, mawazo yakielea mbali. Wateja walimtania kwamba ukimwita mara tatu, huitika ya nne.

Miguuni alikuwa na vimishipa vyembamba, vya buluu na vyekundu, vilivyotandaa kama utando wa buibui. Vilianza baada ya mtoto wa pili. Jioni miguu ilikuwa mizito, lakini aibu ilimuuma zaidi. Alivaa soksi ndefu hata wakati wa joto. Mumewe, fundi baiskeli, akikaa karibu, yeye alikunja miguu na kusogea. Siku hizi mume naye alikaa mbali. Nyumba ikawa kimya, na Bi Pasi aliogopa kimya kile kuliko kitu chochote.

"Hospitalini mishipa hiyo wanaichoma tu, wifi," dada wa mumewe alimwambia. "Inakwisha."

Kuchoma! Dobi anajua kuchoma. Mchana ule alisinzia wima, akaota amelazwa juu ya meza na daktari anapuliza mkaa wa pasi. Alishtuliwa na moshi. Sare ya jirani yake, muuguzi, ilikuwa imeungua kola.

Muuguzi alipokuja kuichukua, Bi Pasi alimweleza yote, pamoja na ndoto.

Muuguzi alicheka mpaka akaketi. "Dada yangu, ni kuchoma sindano, si kuchoma moto! Sindano yenyewe nyembamba sana. Dawa inaingia kwenye kimshipa, kuta zake zinashikana, kinaziba. Damu inapita kwenye mishipa mingine iliyo mizima. Halafu kinafifia polepole."

"Inauma?"

"Inawasha kidogo. Ila daktari akupime kwanza. Mwambie kama uliwahi kupata damu kuganda, au kama kuna dawa inayokudhuru. Na mjamzito hachomwi. Una mimba?"

"Itoke wapi, na mume wangu siku hizi anakaa mbali nami?"

Wakacheka wote wawili. Lakini Bi Pasi alifuta machozi.

Siku ya matibabu alimwambia mumewe anapeleka nguo za wateja. Daktari alimpima, kisha akachoma hapa na pale. Bi Pasi alifumba macho, akaelea na mawazo yake. Alipoyafumbua, kazi ilikuwa imekwisha.

"Simama utembee," daktari alisema.

"Silali?"

"Kutembea ndiko kunakosaidia. Vaa soksi hizi za kubana kama nilivyokuelekeza. Mguu ukivimba au ukiuma sana, au ukikosa pumzi, njoo hospitali mara moja."

Mwanzoni vile vimishipa vilizidi kuwa vyeusi, na Bi Pasi akakata tamaa. "Subira yavuta heri," muuguzi alimwambia. Akasubiri. Alipiga pasi akikaa na kuinuka, akizunguka meza. Wiki zilipita, akarudi kuchomwa tena. Vingi vikafifia, vichache vikabaki. Miguu ikawa myepesi.

Jioni moja aliketi mlangoni, miguu wazi, ameinyoosha. Mumewe akaja, akasimama.

"Umeona?" Bi Pasi aliuliza. "Ile mishipa imekwenda."

"Ile niliiona tangu mwaka juzi."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa unanikimbia. Nilidhani umenichoka."

Bi Pasi alicheka, kisha akalia. "Nilikuwa naona aibu, mume wangu."

"Ungesema tu," mume alijibu, akiketi. "Ningekupeleka hospitali mwenyewe."