Pumzi ya Sebahire

Nilikuwa napeleka suruali tu. Suruali ya mwalimu Wellars, aliyoipunguza miguu mwanangu, na jua lilikuwa linazama upande wa Goma. Mwaka wa hamsini na sita huo. Nilimkuta kwenye ghala tupu la kahawa, kando ya ziwa pale Gisenyi, amezungukwa na wazee wenzangu, kila mmoja na filimbi ya mbao mdomoni. Watu wenye wajukuu! Mama mmoja Mzungu, aliyerudi kwao Ubelgiji, aliwaachia sanduku la filimbi hizo, za kushika wima, matundu mbele na moja nyuma la kidole gumba. Walipuliza vibaya, lakini walipuliza pamoja. Nikasimama na suruali mkononi mpaka giza likaingia.

Mimi naitwa Feruzi, fundi cherehani. Mashine nilikuwa nimeshamwachia mwanangu kwa sababu vidole vilianza kukaza. Tangu hapo nyumbani sikuwa mtu wa kusikilizwa. Nikisema neno, mwanangu anaitika "ndiyo baba" na kuendelea kushona. Basi jioni ile nikatamani kitu kimoja, nikakitamani kitoto kabisa: nipulize wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, mpita njia asikie aseme, huyo ni Feruzi.

Mke wangu Zena alicheka mpaka akakaa chini. Mzee mzima, kofia ya msikitini kichwani na filimbi mdomoni! Nikamwambia acheke, nikaenda.

Wellars alinitolea filimbi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza ya nani. Akasema haina mwenyewe. Hakuniangalia usoni.

Na hapo ndipo hasira zangu zilipoanza. Filimbi ile ilikataa. Mukagasana, mama muuza samaki aliyekaa karibu yangu, aliniambia nilegeze mdomo. Nikalegeza. Halafu akaniambia nikaze. Nikakaza. Ikatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa, na wote wakacheka, hata wale waliokuwa wanakosea kila siku.

Tena ilikuwa inajaa maji. Filimbi zote zinaingia mate, unaikung'uta, unaendelea. Lakini yangu nikiikung'uta yanatoka maji ya kujaa kiganja. Siku moja yakaniingia mdomoni. Hayakuwa mate. Yalikuwa maji ya ziwa, yenye ule ukali wake wa sabuni.

Nikamlalamikia Wellars. Akasema sifanyi mazoezi. Mimi! Nilikuwa nafanya asubuhi, nafanya baada ya alasiri, vidole vinawaka moto mpaka siwezi kushika kikombe. Nilikuwa karibu kulia, jamani, na miaka yangu yote hii.

Halafu ikaja jioni ile.

Sherehe ya mji ilikuwa imekaribia. Ghalani mlikuwa na taa moja, na nje mlima wa moto wa Nyiragongo ulikuwa umewasha wingu lake jekundu. Tukaanza wimbo. Nikakosa. Tukarudia. Nikakosa tena. Nikachoka, nikashusha filimbi magotini.

Wimbo ukaendelea.

Nilidhani ni wenzangu. Nikatazama... Mukagasana alikuwa ameacha. Wellars alikuwa ameacha. Sauti ilikuwa inatoka magotini kwangu. Vidole vyangu, hivi vilivyokaza, vilikuwa vinaruka juu ya matundu, na sikuwa nimeviambia kitu. Ikaja harufu ya tumbaku ya kiko. Ikaja harufu ya nguo zilizolowa na kukaa bila kuanikwa...

Kifua changu kilikuwa kinapanda na kushuka.

Pumzi haikuwa yangu.

Mukagasana akafanya ishara ya msalaba. Akanong'ona, "Sebahire."

Ndipo Wellars akaniambia. Sebahire alikuwa mtu wa mitumbwi, na kiti nilichokalia na filimbi niliyoshika vilikuwa vyake. Ziwa lilimchukua kabla sijaja. Walimpata, wakamzika, lakini mjane wake Languida alikuwa bado hajamaliza matanga. Watu wa hapa wana siku ya kuyamaliza, wanaiita kwera, kuwa weupe. Kabla ya siku hiyo kitu cha marehemu hakishikwi, jembe lake, kiko chake, sembuse kitu alichokuwa anatia pumzi. Wellars alijua. Lakini yeye ni mtu wa kanisa, aliona aibu kuonekana anaogopa mambo ya wazee, na filimbi zilikuwa hazitoshi. Donc, basi, akanipa mimi, Mwislamu wa mjini, nisiyejua kuuliza.

Nilimtukana. Nasema kweli, nilimtukana vizuri.

Ajabu ni kwamba kuanzia siku ile nilipuliza. Nikiitia mdomoni tu, wimbo unatoka wote, mtamu, na watu wanasimama njiani. Siku ya sherehe walijaa mpaka kwenye maji. Walipiga makofi. Na walisema nini? Walisema, huyo ni Sebahire. Hata vijana waliokuwa hawajui kisa cha filimbi walisema ni kama Sebahire amerudi. Nilisimama pale mbele yao kama mti wa kutundikia koti la mtu mwingine. Roho iliniuma kuliko zile siku za kuchekwa.

Nikamwambia Wellars inatosha, twende kwa mjane amalize matanga, mtu wake apumzike, na mimi nianze upya na kuku wangu aliyekanyagwa.

Languida alitupokea mlangoni jua likizama. Mama mwembamba, kichwa kimenyolewa. Wellars akamweleza yote, akamwomba msamaha. Yeye hakukasirika. Alinitazama mimi mdomoni.

"Puliza kwanza," alisema.

Nikapuliza. Alifumba macho. Kuna mahali katikati ya wimbo sauti inateleza kidogo, inashuka pasipotakiwa. Nilikuwa sijapajua. Pale alishika ukuta.

"Hapo alikuwa anakosea siku zote," alisema. "Ni yeye."

"Basi mama, umuache aende," Wellars akamwambia taratibu. "Uwe mweupe."

"Nikikuwa mweupe, ataenda." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso ulikuwa umetulia, umefurahi hata. "Mi nilikuwa peke yangu humu ndani. Sitakuwa mweupe, mwalimu. Sitaki."

Nilimbembeleza. Nikamwambia na mimi ni mtu, nina mke, nina kifua kimoja tu. Akasema anajua, na Mungu wangu amsamehe. Nikaweka filimbi chini kwenye mkeka wake, nikasema ibaki hapo, tumalizane. Hakuigusa.

Nikaenda nyumbani mikono mitupu. Nilimweleza Zena, naye safari hii hakucheka. Usiku ule nililala vizuri.

Kesho yake jioni, tumekaa uani mimi na Zena, mlango ukagongwa. Languida. Filimbi hakuja nayo. Hakuomba chai, hakuomba kiti. Alikaa chini karibu na miguu yangu, akainamisha sikio kwenye kifua changu bila kunigusa, na Zena akainuka.

Nilimwambia arudi kwake, sina filimbi, sipulizi tena.

"Haina shida," alisema polepole. "We pumua tu, muzee yangu."

Muzee yangu, kama mke anavyomwita mumewe! Mbele ya mke wangu!

Nikabana pumzi. Nilibana kwa hasira yote niliyokuwa nayo, mpaka masikio yakavuma. Yeye alikaa tu akisubiri, ametulia. Zena alikuwa ananitazama, na mimi ni binadamu.

Nikapumua.

Languida akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa taratibu, akifuata wimbo. Na ulipofika katikati, pale unapoteleza, nilimwona Zena naye akishika ukuta.